Sotoka, Nyumbu na Moto: Ni Nani Anayeipa Serengeti Sura Yake?

Ukiuliza ni nani anayeitawala Serengeti, jibu la haraka ni simba. Wageni huvuka bahari kuja kumtazama, na vitabu vya shule humweka kileleni mwa mlolongo wa chakula. Wako watakaosema mvua, kwa kuwa nyikani kila chenye uhai husubiri mawingu. Wahifadhi wengi watautaja mpaka: kilichomo ndani kimesalimika kwa sababu kilitengwa na watu na mifugo yao. Hakuna jibu hata moja kati ya hayo lisilo na ukweli, lakini ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 60 unatuelekeza kwingine. Tukio lililoigeuza Serengeti kuliko jingine lolote katika nusu ya pili ya karne ya 20 lilikuwa kutoweka kwa ugonjwa wa ng'ombe, na kazi iliyouondoa ilifanyika nje ya hifadhi, kwenye maboma ya wafugaji. Kutokana na tukio hilo nyumbu waliongezeka, nyasi zikapungua, moto ukafifia na miti ikarudi. Anayetaka kujua kiumbe gani kina nguvu katika mfumo ikolojia, basi, ahesabu mahusiano yanayopitia kwake kabla ya kutazama ukubwa wa meno yake. Na akishayahesabu atakuta kwamba mengi kati ya hayo hayaanzii wala hayaishii kwenye mpaka wa hifadhi.

Msingi wa yote ni ardhi. Mfumo ikolojia wa Serengeti na Mara una eneo la takriban kilomita za mraba 25,000, na katika hizo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti inachukua 14,763. Kusini-mashariki, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, mvua ni haba, kama milimita 500 kwa mwaka. Kaskazini-magharibi, kuelekea Ziwa Victoria na Mto Mara, hupita milimita 1,000. Kwa hesabu ya maji peke yake wanyama wangekaa kaskazini mwaka mzima. Kinachowavuta kusini ni majivu. Volkano za nyanda hizo, na baadaye Ol Doinyo Lengai, zimemwaga majivu ambayo upepo wa mashariki umeyatandaza uwandani kwa maelfu ya miaka, na udongo uliotokana nayo una kalsiamu na fosforasi kwa wingi. Chini yake kuna tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi, ndiyo maana uwanda ule una nyasi fupi na karibu hauna mti. Nyumbu jike anayenyonyesha anahitaji madini hayo, na nyasi ndefu za kaskazini hazimtoshelezi. Kwa hiyo mvua zikianza, makundi hushuka uwandani, na ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki chache karibu na mwezi wa Februari. Madimbwi yakikauka, makundi hulazimika kuondoka. Uhamaji maarufu wa nyumbu ni jibu la mwili wa mnyama kwa mambo mawili yasiyopatikana mahali pamoja: madini ya kusini na maji ya kaskazini.

Ardhi humwongoza mnyama, naye mnyama huibadilisha ardhi. Nyasi za uwandani zimezoea kuliwa, hata baadhi yake huchipua kwa kasi zaidi baada ya kukatwa, mradi udongo una unyevu na mlaji ameondoka kwa wakati. Mkojo na mavi hurudisha nitrojeni ardhini, na dundu wanaoviringisha mavi huyafukia kabla jua halijayakausha. Wanyama nao hupishana kwa mpangilio. Punda milia, ambaye tumbo lake huweza kusaga mabua makavu kwa wingi, hutangulia kwenye nyasi ndefu. Nyumbu hufuata na kula majani. Swala tomi huja mwisho kuokota machipukizi yaliyobaki chini. Zamani mpangilio huu ulielezwa kama msaada mtupu, kwamba wa mbele humfungulia njia wa nyuma. Utafiti wa karibuni umeonyesha kuwa ndani yake mna ushindani pia: wingi wa nyumbu ndio unaomsukuma punda milia aende mbele, kwa sababu akibaki hapati cha kutosha. Kusaidiana na kunyang'anyana hutokea kwa pamoja, katika uwanja mmoja na msimu mmoja, na idadi ya nyumbu ndiyo inayoamua kipi kitazidi. Idadi hiyo haikuwa hivi siku zote.

Kati ya mwaka 1887 na 1889 virusi vya sotoka viliingia Eritrea pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Ng'ombe wa Afrika Mashariki hawakuwa na kinga yoyote. Kufikia mwaka 1890 au 1891 ugonjwa ulikuwa umefika nchi ya Wamaasai, na kabla ya karne kwisha ulikuwa umefika kusini kabisa mwa bara. Sehemu nyingi ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892, alikuta watu waliokondeana kwa njaa, na akakadiria kuwa theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wameangamia. Wao wenyewe wanazikumbuka zama hizo kwa jina la Emutai. Nyumbu na nyati, walio jamii moja na ng'ombe, walikufa pia. Watu walipopungua na mifugo kutoweka, vichaka vilitanda kwenye malisho ya zamani, mbung'o wakaja na vichaka, na malale ikawazuia watu kurudi. Kwa miaka 70 iliyofuata sotoka haikuondoka. Ilirudi mara kwa mara kuua ndama wa nyumbu waliokwisha kupoteza kinga ya maziwa ya mama, na hivyo kundi likabaki dogo, mwaka baada ya mwaka, bila ya mtazamaji kujua kwamba ni dogo.

Ufumbuzi ulitoka maabara ya Muguga, karibu na Nairobi, ambako Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyokuzwa katika seli, rahisi kuzalisha na yenye kinga ya kudumu. Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti walichanjwa. Hakuna aliyechanja nyumbu, wala isingewezekana. Hata hivyo kufikia mwaka 1963 virusi vilikuwa havionekani tena kwa nyumbu. Wengi walikuwa wameamini kwamba wanyamapori ndio ghala la ugonjwa linalowaambukiza ng'ombe. Matokeo yalionyesha kinyume chake. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa takriban 260,000. Mwaka 1977 walikuwa wamefika karibu milioni 1.3. Nyati nao waliongezeka. Punda milia, ambaye hapati sotoka, alibaki pale pale, karibu 200,000. Hapa asili imetupa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga: wanyama wawili, nyika moja, mvua moja, simba wale wale, na tofauti kubwa kati yao ni ugonjwa mmoja.

Matokeo hayakuishia kwenye idadi ya nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya Serengeti iliungua kila kiangazi. Moto huo uliwashwa zaidi na watu, kwa kusafisha malisho, kwa uwindaji au kwa bahati mbaya, lakini kuni zake zilikuwa nyasi ndefu zilizokauka bila kuliwa. Mgunga mkubwa haufi kwa moto wa nyasi. Mche wake mchanga huungua hadi chini, ukachipua tena kutoka mzizini, ukaungua tena mwaka unaofuata. Mti unaweza kuishi miaka mingi namna hiyo bila kupita urefu wa magoti. Wazee wa msitu wakianguka hakuna wa kushika nafasi zao. Nyumbu zaidi ya milioni moja walipoanza kula nyasi zile, kiangazi kilikuta ardhi isiyo na cha kuungua. Moto ulipungua, na miche iliyonaswa chini ikapata miaka michache ya kuuvuka urefu wa miali. Picha zilizopigwa mahali pale pale kwa miongo kadhaa zinaonyesha vilima vilivyokuwa vya nyasi vikijaa migunga. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 na Ricardo Holdo, Anthony Sinclair na wenzao uliunganisha takwimu hizi na kuhitimisha kwamba kupona kwa nyumbu kuliigeuza Serengeti, ikatoka kuwa mtoaji wa kaboni hewani ikawa mhifadhi wake. Sindano iliyodungwa ng'ombe wa mfugaji ilikuwa imefika mpaka kwenye hesabu ya hewa ya ukaa.

Mwenye shaka atauliza kama mvua haikufanya kazi hiyo yote. Ni kweli kwamba katika miaka ya mwanzo ya 1970 kiangazi cha Serengeti kilipata mvua kuliko kawaida, na nyasi za kiangazi ndizo zinazoamua nyumbu wangapi wataishi. Mvua hizo zilisaidia ongezeko lifike mbali zaidi. Lakini ongezeko lilianza kabla yake, na kama mvua ndiyo ingekuwa chanzo, punda milia wangenufaika nayo pia. Zaidi ya hapo, mvua nyingi huotesha nyasi nyingi, na nyasi nyingi bila mlaji ni kuni nyingi. Mvua peke yake ingetarajiwa kuongeza moto, nao ulipungua. Shaka ya pili inamhusu tembo. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwapunguza sana tembo wa Serengeti, na tembo ni mng'oaji wa miti. Je, si wao waliokuwa wakiuzuia msitu? Jibu linapatikana upande wa pili wa mpaka. Huko Mara, Kenya, tembo walibaki wengi, wakila miche hata pale moto ulipopungua, na nyika ikabaki wazi. Uchambuzi wa Holly Dublin na wenzake wa mwaka 1990 ulionyesha kuwa moto ndio ulioufuta msitu wa Mara, na tembo ndio waliouzuia usirudi baada ya hapo. Tembo, kwa hiyo, ana uwezo wa kulinda hali iliyopo kuliko wa kuianzisha. Hoja ya tembo haiuvunji mnyororo wa nyumbu, nyasi na moto, ila inatufundisha kwamba hali mbili tofauti zinaweza kudumu chini ya mvua ile ile, kutegemea historia ya mahali.

Na simba? Nafasi yake ni ya kweli, ila ni finyu kuliko tunavyodhani. Utafiti wa Simon Mduma, Anthony Sinclair na Ray Hilborn, uliochapishwa mwaka 1999 kwa kutumia kumbukumbu za miaka 40, ulichunguza hadi uboho wa mifupa ya nyumbu waliokufa. Mnyama aliyekufa akiwa na njaa huwa amekwisha kuyeyusha mafuta yote, hata ya ndani ya mfupa. Takriban robo tatu ya vifo vilitokana na upungufu wa chakula. Simba na fisi wasiohama hawawezi kulifuata kundi linalosafiri mwaka mzima, kwa kuwa wana watoto wa kulea mahali pamoja. Kwa wanyama wadogo wasiohama mambo ni mengine. Taya, swala pala, nyamera na ngiri huliwa na wala nyama wa kila aina, na wala nyama hao walipopungua kaskazini mwa Serengeti katika miaka ya 1980 kwa sababu ya sumu na mitego ya watu, wanyama hao wadogo waliongezeka, ila idadi ya twiga haikubadilika. Mstari unaowatenganisha uko karibu na kilo 150 za uzito. Walio chini yake hutawaliwa na meno, walio juu yake hutawaliwa na malisho. Simba mwenyewe huongezeka mawindo yakiongezeka, kama ilivyotokea baada ya nyumbu kupona. Aliyewekwa kileleni, basi, kwa sehemu kubwa hupokea matokeo ya yaliyotendeka chini yake.

Kifo nacho huingia katika mzunguko huu. Kila mwaka, kwa wastani, zaidi ya nyumbu 6,000 huzama wakivuka Mto Mara, na mizoga yao ina uzito wa zaidi ya tani 1,000. Mamba na tumbusi hula sehemu, samaki hula sehemu, na mifupa hukaa mtoni kwa takriban miaka saba ikiachia fosforasi polepole, ile ile iliyoanza kama majivu ya volkano. Wakati mwingine mnyororo huu hubeba maafa. Ukame wa mwaka 1993 uliwadhoofisha nyati hadi wakajaa kupe, na simba waliowala walipata kwa wingi vijidudu vya damu vinavyoenezwa na kupe hao. Mwaka uliofuata ilipozuka distempa, ugonjwa wa virusi unaohusishwa na mbwa wa vijijini, theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, karibu 1,000. Distempa ilikuwa imepita kwa simba miaka mingine bila madhara makubwa. Iliyoua ni mchanganyiko wa ukame, kupe na virusi. Baadaye mbwa wa vijiji jirani walichanjwa, na ugonjwa ukapungua kwao, lakini kwa simba haukutoweka kama sotoka ilivyotoweka kwa nyumbu, ishara kwamba virusi hivyo vina njia nyingine miongoni mwa wanyamapori. Tofauti ya magonjwa haya mawili inatuonya kwamba dawa iliyofaa kwenye uhusiano mmoja haifai kila mahali. Lazima kwanza ijulikane virusi vinaishi wapi.

Hapa ndipo inapokuja hoja nzito zaidi, ya wanaosema asili ina mizani yake, na kwamba ikiachwa hujirudi yenyewe. Hoja hiyo inavutia, ila Serengeti inaiweka katika shida ya tarehe. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani yake walihamishiwa Ngorongoro. Nyika iliyokusudiwa kuhifadhiwa wakati huo, yenye nyumbu wachache, nyasi ndefu na moto wa kila mwaka, ilikuwa nyika yenye ugonjwa uliofika kwa meli miaka 70 kabla. Iliyoonekana kuwa hali ya asili ilikuwa jeraha ambalo halijapona. Na kabla ya sotoka, wafugaji na ng'ombe wao walikuwa sehemu ya mahali hapo kwa karne nyingi, wakila nyasi na kuchoma malisho. Kwa hiyo hakuna mwaka mmoja tunaoweza kuunyooshea kidole na kusema hapo ndipo mizani ilipokuwa sawa. Tunachoweza kusema ni kwamba mahusiano fulani yakiwa hai, mfumo huvumilia mishtuko mingi, na yakikatwa hubadilika kuwa kitu kingine ambacho huenda kisirudi.

Uhusiano unaoonekana kuwa na uzito kuliko mingine ni ule wa nyumbu na safari yao, na kuna mfano wa kilichotokea ulipokatwa. Kundi la nyumbu wa Loita, nchini Kenya, lilikombolewa na chanjo ile ile. Wakati wa mvua walitegemea tambarare za Loita, na wakati wa kiangazi waliingia Mara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 tambarare hizo zililimwa ngano kwa matrekta, na baadaye zikawekewa nyua. Wilber Ottichilo, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa gavana wa Vihiga, alionyesha katika utafiti wake kwamba zaidi ya robo tatu ya kundi hilo lilitoweka katika miaka 20. Malisho yao ya kiangazi ndani ya Mara yalikuwa bado yanalindwa. Yaliyopotea ni ya msimu wa mvua, yaliyokuwa nje ya ulinzi. Serengeti yenyewe haiko salama kwa hilo. Mto Mara, ambao ndio tegemeo la maji ukame unapozidi, unaanzia msitu wa Mau, uliokatwa sana kwa makazi na mashamba. Na utafiti uliotolewa mwaka 2019 na Michiel Veldhuis na wenzake ulionyesha kuwa ongezeko la watu na mifugo kando ya mipaka linawabana wanyama katikati, ambako nyasi huliwa mno na udongo hupoteza kaboni na virutubisho. Moto hupungua huko pia, lakini safari hii ni dalili ya msongamano. Kwa hiyo kupungua kwa moto peke yake hakutuambii kama nyika inapona au inachoka. Lazima tuulize umepungua kwa sababu gani.

Atakayesikia haya anaweza kudai kwamba, kama nguvu zinazoiunda Serengeti zinavuka mpaka, basi mpaka hauna kazi. Dai hilo linakwenda mbali kuliko ushahidi. Bila mpaka, uwanda wa kusini ungeweza kulimwa au kuwekewa uzio kama Loita, na hakuna chanjo ambayo ingeliokoa kundi. Wengine watalivuta upande wa pili: kama mifugo ya kando inawabana nyumbu, mfugaji asukumwe mbali zaidi. Nalo linasahau kwamba mfugaji aliyekubali ng'ombe wake wachanjwe ndiye aliyewapa nyumbu uhai, na kwamba malisho ya wazi yanayotumiwa na ng'ombe huweza bado kupitiwa na nyumbu, wakati shamba lililozungushiwa nyaya haliwezi. Kati ya jirani mwenye mifugo na jirani mwenye trekta, wa kwanza ni mshirika wa thamani, hata pale idadi ya mifugo yake inapohitaji mazungumzo magumu.

Mwaka 2011 dunia ilitangaza rasmi kwamba sotoka imetokomezwa, miaka 10 baada ya kuonekana kwa mara ya mwisho, kwa nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Meru nchini Kenya. Ushindi huo ulikuwa wa madaktari wa mifugo, na mara chache huhesabiwa kati ya matendo makubwa ya uhifadhi. Ungestahili kuhesabiwa hivyo. Bajeti ya kuilinda Serengeti ikipangwa kwa kufuata ushahidi, sehemu yake itakwenda kwa askari wa doria, kama ilivyo sasa, na sehemu nyingine itakwenda kwenye josho la kijijini, kwenye chanjo ya mbwa, kwenye msitu wa Mau ulio nchi nyingine, na kwenye makubaliano ya ardhi na wafugaji jirani wa Loliondo na Loita. Matumizi hayo yataonekana kuwa nje ya kazi ya hifadhi kwa yule tu anayedhani kwamba hifadhi ni eneo lililochorwa kwenye ramani.